Mtoto wa Viazi

Mimi si mwanamke wa kukaa kimya, na mume wangu alilijua hilo kabla ya kunioa, kwa hiyo hawezi kusema alidanganywa. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye mbele yake nilinyamaza kabisa, nikainamisha kichwa na kupita mbali, naye ni baba mkwe wangu. Kwetu magharibi, mke wa mtoto hamgusi mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, na hata bakuli la mboga halitoki mkononi mwake likaingia moja kwa moja mkononi mwa mzee. Lazima lipitie kwa mtu mwingine. Hakuna uadui ndani yake. Ni heshima, nami nililelewa katika heshima hiyo tangu nikiwa msichana, nikaibeba hadi Nakuru pamoja na sufuria zangu.

Tuliishi katika landi za reli, nyumba za wafanyakazi, miaka ya hamsini. Kazi ya mume wangu ilikuwa kugeuza reli pale stesheni, treni hii ielekee Kisumu na ile ielekee Eldoret, na tulipewa chumba kimoja katika safu ndefu iliyotazamana na safu nyingine, katikati bomba la maji. Kitanda, pazia, meza, jiko mlangoni, basi. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikuwa na umri wa miaka miwili hivi, na kwa kuwa nilishinda naye nyumbani, wanawake wa landi walianza kuniachia watoto wao walipokwenda sokoni au kufanya kazi ya uyaya kwa Wazungu kule Milimani. Hebu fikiria. Mama anamwacha mwanawe kwangu, halafu anapanda kilima kwenda kulea wa mwenzake. Asubuhi kizingiti changu kilijaa makamasi na vilio, na mimi katikati na mwiko mkononi.

Watoto wale walikuwa watundu, na landi haikuwa mahali pa kuwahurumia. Mmoja alikuta mafuta ya taa kwenye chupa ya soda kwao nyumbani akayanywa, na kila mtu aliyepita akaja na dawa yake: huyu maziwa, yule maji ya chumvi, mwingine anamtia vidole kooni. Mwingine alikalia sufuria ya maji ya ugali. Nyanya yake alimpaka yai, shangazi akapaka dawa ya meno, baba akaja na grisi ya kutoka yadi, mpaka makalio ya mtoto yakawa na rangi tatu. Wote wawili walipona, nashukuru Mungu, lakini si kwa sababu yetu.

Baada ya hayo mkubwa wa landi alitangaza kwamba kila Jumamosi alasiri, wanawake wanaolea watoto wadogo, wawe wao au wa watu wengine, waje ukumbini wafundishwe huduma ya kwanza. Tulikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, wakati wanawake kumi wakisimama pamoja askari anataka kujua wanasema nini. Kwa hiyo karani mmoja aliketi mlangoni kutusikiliza. Maskini, alisikiliza habari za nepi na kuhara mpaka akaanza kusinzia.

Mwalimu wetu alikuwa sista Mzungu wa hospitali, mwanamke mrefu mwenye uso mwekundu na miguu ya kutembea shamba. Kiswahili chake kilikuwa kile cha masetla, cha kuamrisha mpishi na mtunza bustani, hakina salamu wala tafadhali. Siku ya kwanza nilimchukia. Mayaya wa Milimani, waliotumwa na memsahibu zao wakiwa na aproni nyeupe zilizopigwa pasi, walikaa mbele na kuitikia "Ndiyo, memsahibu" kwa kila neno. Sisi wa landi tulikaa nyuma, wenye watoto mgongoni.

Sista alitoa mwanasesere kwenye sanduku. Alikuwa wa Kizungu, nywele za manjano, mashavu mekundu, na macho yanayojifumba ukimlaza.

"Wewe, mama, kuja," aliniambia, kwa sababu nilikuwa nikinong'ona. "Kamata mtoto hii. Mtoto nameza harage, nashikwa hapa," akajishika koo. "Nakufa. Wewe nafanya nini?"

Nilimtazama yule mwanasesere amelala mikononi mwa sista, macho yamefumba. Nilirudisha mikono yangu mgongoni. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Huwezi kumpa mama kitoto kilichofumba macho na kumwambia kimekufa, acheze nacho, kisha aende nyumbani kunyonyesha. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja kutoka Nyanza mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa, alisimama.

"Memsahibu, hii kitu hatushiki! Hata uniue!"

Hata mayaya wa mbele walitikisa vichwa. Sista alituzungushia macho, sisi tukamzungushia yetu. Niliona Jumamosi yetu inavunjika, na pamoja na kumchukia, nilitaka kujua. Maharage yapo kila nyumba. Basi nikasema, "Memsahibu, sisi tutatengeneza mtoto wetu."

Jirani yangu alikuwa na viazi vya Kuresoi, alivyoletewa na dada yake aliyekuwa akiishi huko juu. Tulichukua mfuko wa unga wa ngano, ule wa kitambaa, tukaujaza viazi, tukafunga kamba shingoni na kiazi kimoja kikubwa kikawa kichwa. Miguu tuliitengeneza kwa soksi za mume wangu. Tukamvika nepi na fulana ya mtoto wangu. Alikuwa mzito kama mtoto kweli, na alikuwa mbaya wa sura, na hakuna aliyemwogopa. Sista alimpokea, akampima kwa mikono, akacheka mpaka uso ukawa mwekundu zaidi. Tangu hapo sikumchukia tena, ingawa Kiswahili chake hakikupona.

Kwa mtoto yule wa viazi tulijifunza mengi. Aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe, mkimbize hospitali. Aliyeungua usimpake yai wala grisi wala chochote kilichoko nyumbani. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke. Aliyesakamwa, mlaze kifudifudi juu ya magoti yako, kichwa kikielekea chini, na umpige katikati ya mabega kwa kiganja. Sista alitembea kati yetu akisikiliza mapigo. Yaliyomchukiza zaidi yalikuwa yale ya kubembeleza.

"Wewe napiga nzi?" alimwuliza yaya mmoja. "Piga! Mkono naogopa, mtoto nakufa."

Nilimwuliza, kwa ubishi tu, mtu mzima akisakamwa nitamlaza vipi magotini.

"Mtu mkubwa ni mtoto mkubwa. Inamisha yeye mbele. Piga pale pale."

Tulikubaliana kwamba mtoto wa viazi azunguke, kila wiki alale kwa mmoja wetu afanye mazoezi. Kutoka kwa jirani yangu alirudi amepungua kilo nzima, na jirani alipoulizwa alisema alikuwa na wageni. Tukamjaza tena.

Wakati huo wote nilikuwa na jambo lililoninyima usingizi. Kwetu mtoto wa kwanza, akishaachishwa ziwa, huenda kukaa na nyanya yake kijijini. Mama mkwe alimtaka mjukuu, na mara mbili nilikuwa nimemkwepa, mara ya kwanza kwa surua, ya pili kwa meno. Mara ya tatu ujumbe ulikuja na mtu aliyepanda treni: mzee anakuja mwenyewe kumchukua. Amesikia mjini watoto wananyweshwa mafuta ya taa. Nilimwambia mume wangu kwamba sitaki. Nilimwambia wakati wa chakula, nikamwambia akivaa viatu, nikamwambia amelala. Alijibu kila mara neno lile lile, "Baba amesema," kisha akaenda kugeuza reli zake. Aliweza kuelekeza gari la tani ngapi sijui kwa mkono mmoja, lakini kumgeuza baba yake hakuweza, hata inchi. Sikuwalaumu sana wote wawili, ndivyo sote tulivyolelewa. Lakini mtoto alikuwa akilala amenishika sikio, na nilikuwa nikilia gizani bila kutikisa sikio.

Mzee alifika Jumamosi, baada ya darasa, na wiki ile mtoto wa viazi alikuwa zamu yangu. Wangu wa kweli alikuwa amelala ndani, nyuma ya pazia. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, mgongo nimeupa njia, mtoto wa viazi magotini, kichwa chini, nampiga kwa nguvu zangu zote. Kusema kweli nilikuwa nikipiga mambo mengine pia.

"Uuuwi! Anamuua! Anamuua mjukuu wangu!"

Niligeuka. Baba mkwe alikuwa amesimama karibu na bomba, koti refu, kofia, fimbo mkono mmoja na kuku hai mkono wa pili. Milango yote ya landi ilifunguka. Nilistuka nikasimama bila kufikiri, kamba ya shingo ikakatika, na kichwa cha mtoto kikabiringika mpaka miguuni mwa mzee. Kuku akapiga kelele. Mzee alikitazama kichwa kile kwa muda mrefu. Halafu viazi vingine vikafuata, kimoja kimoja, vikiteremka kwenye nepi.

Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikimbilia ndani, nyuma ya pazia, na mtoto wangu akaamka akicheka kwa sababu alisikia watu wanacheka. Mzee hakucheka. Alipelekwa chumba cha pili upande wa pili wa bomba, kwa kijana mmoja kapera wa kwetu, maana baba halali nyumba ya mwanawe, na nyumba yetu yote ilikuwa chumba kile kimoja chenye kitanda. Kutoka huko nilimsikia akisema na mume wangu, kwa sauti ya kutaka nisikie.

"Mwambie mama ya mtoto kwamba nimeona. Kwetu wanawake wanabeba watoto, wanapika viazi. Hapa wanabeba viazi. Jumatatu asubuhi naondoka na mjukuu wangu."

"Ndiyo, baba," alisema mume wangu.

Usiku ule nilikunja nguo za mtoto. Zilikuwa chache, na zilinichukua muda mrefu.

Jumapili tulitoka kanisani, nikachinjiwa kuku yule aliyekuja kwa treni. Alikuwa kuku mzee. Mama mkwe hakuwa mjinga wa kutupa kuku anayetaga, na yule nadhani alikuwa ameacha kutaga kabla sijaolewa. Nilimchemsha tangu mchana mpaka jua likaanza kuelekea chini, makaa yakaisha nikaazima kwa jirani, na bado nikimchoma kwa uma, uma unarudi. Sasa, kwetu firigisi ya kuku ni ya mwanamume mwenye heshima kuliko wote waliopo. Ukimnyima ni matusi, unaweza kuvunja ndoa kwa firigisi. Na mwanamke hakula kuku kabisa wakati huo, si firigisi, si paja, si mchuzi. Mimi nilipika tu na kunusa. Mzee wetu alikuwa amebakiwa na meno manne, na hayakukutana. Kila mtu alijua kwamba hawezi kuitafuna firigisi ile, naye mwenyewe alijua, lakini hakuna ambaye angethubutu kuikatakata vipande kama ya mtoto mdogo, na yeye asingethubutu kuikataa. Heshima ni heshima.

Niliipanga sahani, firigisi juu, nikampa mume wangu, akaivusha. Walikaa kwenye benchi nje ya mlango wa kapera: mzee, mume wangu, kapera, na mtoto wangu amesimama kati ya magoti ya babu yake. Alikuwa akimpenda tayari, msaliti mdogo. Mimi nilibaki mlangoni kwangu, ng'ambo ya bomba, nikiwatazama kupitia mvuke wa ugali.

Mzee aliomba, akachukua firigisi, akaizungusha mdomoni mara kadhaa. Nikaona ameamua kuimeza nzima.

Hakukohoa. Hilo ndilo lililonistua, maana sista alikuwa amesema mtu anayekohoa mwache akohoe. Wa kuogopa ni yule asiyetoa sauti. Fimbo ilianguka. Mikono yake ikaenda kooni. Mume wangu aliruka akaanza kumpiga utosini kwa kiganja, kama tunavyowafanyia watoto kwetu, na kapera akamwinua kidevu na kumimina maji, maji yakatokea puani. Wanawake walitoka, wakaanza kupiga mayowe. Macho ya mzee yalikuwa yametoka, na midomo imebadilika rangi.

"Inamisheni!" nilipiga kelele. "Mwinamisheni mbele!"

Walimwinua kidevu zaidi.

Nitasema ukweli wa kilichopita kichwani mwangu. Niliona kwanza mikono yangu. Niliwaza kwamba nikimgusa, nimevunja kitu ambacho hakuna mke katika ukoo ule aliyewahi kukivunja, na nitarudishwa kwetu kama mzigo ulioharibika. Halafu nikawaza jambo baya zaidi: kwamba kama asingekuwepo, Jumatatu hakuna ambaye angemchukua mtoto wangu. Wazo lile lilinitia hasira. Nililikasirikia, nikamkasirikia mume wangu na kiganja chake, na hasira ndiyo iliyonivusha. Nilipita bombani, nikamsukuma kapera na kikombe chake, nikamshika baba mkwe kifuani kwa mkono wa kushoto, nikamkunja mbele kama ninavyokunja blanketi, na kwa mkono wa kulia nikampiga katikati ya mabega. Alikuwa mwepesi. Sikutegemea. Nilikuwa nimezoea kumwona mkubwa.

"Si hivyo! Nguvu! Unapiga nzi?" jirani yangu alipiga kelele nyuma yangu, kwa sauti ya sista kabisa.

Nilipiga tena, na tena, na firigisi ikatoka. Iliruka mpaka chini ya bomba, nzima, haina hata alama ya jino, na paka wa landi akaondoka nayo. Mzee alivuta pumzi ndefu yenye kelele, akakohoa, akatema, akavuta nyingine. Nilikuwa bado nimemkumbatia.

Basi landi yote ikatukodolea macho. Hata watu ambao hawakuwa wa kabila letu walijua. Nilimwachia polepole, kama mtu anayeweka chini kitu cha watu. Halafu nikakimbia, si kwangu, kwa jirani, nikajifungia.

"Umefanya vizuri!" jirani alisema kupitia mlango. "Fungua! Hii ni nyumba yangu!"

Sikufungua. Nililia kwenye kitanda chake mpaka foronya ikalowa. Niliogopa kweli. Na pamoja na kuogopa, kiganja changu kilikuwa kinawasha, na nilikuwa na furaha ya ajabu ambayo sikujua nimwonyeshe nani.

Mume wangu alikuja baadaye. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini alikuwa akijizuia kucheka.

"Baba anataka kusema na wewe."

Baba mkwe hakuwahi kusema nami. Nilikwenda nikasimama nyuma ya mlango wa kapera, nisimwone wala asinione, na yeye akasema na mtoto wangu, aliyekuwa magotini mwake, ndiyo namna ya kusema na mkwe.

"Mjukuu wangu," alisema, sauti bado inakwaruza. "Mwambie mama yako kwamba amenigusa."

"Mama, umegusa," alisema mtoto.

"Mwambie anajua sheria. Mkwe akiguswa, nyumba yake na nyumba yangu zimechafuliana. Hakitoki kitu nyumba ile kuingia nyumba yangu mpaka mbuzi achinjwe na wazee wakae. Hakitoki kikombe. Haitoki nguo." Alimweka mtoto vizuri magotini. "Hatoki mtoto."

Nilishika ukuta. Mume wangu, aliyekuwa karibu nami, alifungua mdomo, na nikamkanyaga mguu.

"Mbuzi mwenyewe bado mdogo," mzee aliendelea, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Tuseme Desemba. Au tutaona."

Halafu akauliza, bado kwa mtoto, yale mapigo yanafanywaje hasa. Nyumbani kuna wajukuu wengine, alisema, na nyanya yao bado anawapiga utosini. Nilieleza kutoka nyuma ya mlango, kapera akamfunga upya mtoto wa viazi akamshika, na mzee akampiga. Alinisahihisha mara mbili, ingawa mwalimu nilikuwa mimi.

Jumatatu tulimsindikiza stesheni. Nilisimama mbali, karibu na mizigo, mtoto wangu mgongoni, nikihisi kila kilo yake. Mzee alipanda behewa la tatu na kukaa dirishani, na magotini mwake alikuwa na mtoto wa viazi, kichwa kimefungwa upya kwa kamba ya reli, amevaa fulana ya mwanangu. Mume wangu alimwuliza, kwa unyenyekevu, kama si vibaya kubeba kitu cha nyumba ile kabla ya mbuzi.

"Viazi ni vya jirani," alijibu baba yake, na treni ikaondoka.

Jumamosi iliyofuata sista aliniuliza mtoto wake wa viazi yuko wapi. Nilimwambia amesafiri kwenda kumwona nyanya yake. Mayaya wa Milimani walicheka mpaka aproni zikakunjamana, na tukatengeneza mwingine.

Desemba tulipokwenda nyumbani, mama mkwe aliuliza mbuzi yuko wapi. Mzee akasema bado mdogo. Desemba iliyofuata akasema amekonda, mvua haikunyesha vizuri. Ile iliyofuata nilimwona mbuzi mwenyewe, amefungwa nyuma ya boma, ndevu zake ndefu kuliko za mzee, tumbo linagusa majani, na mzee akamtazama mama mkwe machoni na kusema mbuzi bado hajakomaa. Hapo ndipo nilipoelewa, nikaenda kusimama nyuma ya ghala peke yangu. Nilikuwa nimedhani sheria ndiyo iliyoniokolea mtoto. Kumbe alikuwa mzee, na alikuwa akinishikia mlango mwaka baada ya mwaka, bila kunitupia hata neno. Nilimpenda mno siku ile, na sikuwa na namna ya kumwambia.

Mwaka ambao binti yangu alianza shule hapa Nakuru, mzee alitangaza kwamba mbuzi sasa amekomaa. Mtoto ana shule, aliwaambia wazee, na mtoto wa shule hahamishwi ovyo. Walichinja, wakakaa, wakatubariki, nyumba zikawa safi. Mama mkwe alinuna, lakini hakununa sana. Mtoto wa viazi wa kwanza alikuwa ameoza na kuliwa na nguruwe zamani, lakini mfuko wake ulikuwa unaning'inia ukutani kwa mzee, umejazwa mahindi, na wakwe wote wa boma walikuwa wameupiga wakijifunza.

Siku ile kulikuwa na kuku pia. Nilimpika mimi, nikaweka firigisi juu ya sahani kama kawaida, nikampa mume wangu aivushe kwa wanaume. Nilirudi kukaa na wanawake jikoni. Baada ya muda binti yangu alitoka kule kwa wanaume, amebeba kisahani kwa mikono miwili, anatembea taratibu asikimwage. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka. Juu ya kisahani kulikuwa na firigisi, imekatwa vipande vidogo vidogo.

"Babu amesema hii ni yako," aliniambia mbele ya wanawake wote. "Amesema utafune polepole."

Niliila yote, pale pale, mama mkwe akinitazama.